Otoklevu Kando ya Ziwa: Mipango Inayotangulia Mtambo

Maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100. Sababu ni mwinuko: uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Jikoni tofauti hiyo ni maharage kuchelewa kidogo kuiva. Maabara inayotakasa vifaa kwa mvuke haiwezi kuichukulia kirahisi hivyo, maana geji iliyozoeleka pwani, ikifungwa Nyegezi, Bukoba au Musoma, usomaji wake hauna maana ileile.

Hesabu yenyewe ni hii. Ndani ya otoklevu, chombo cha kutakasia kwa mvuke, mvuke unatakiwa ufike nyuzijoto 121 na kukaa hapo dakika 15 ili spora za bakteria zife. Mvuke wa nyuzi 121 una mgandamizo wa kilopaskali 205 hivi. Geji ya kawaida haisomi mgandamizo wote. Husoma kiasi kinachozidi hewa ya nje. Pwani hewa ya nje ni kilopaskali 101, kwa hiyo geji inaonyesha 104, ndiyo ile paundi 15 kwa inchi ya mraba ambayo kila mteknolojia wa maabara aliikariri chuoni. Mwanza hewa ya nje ni kilopaskali 88 hivi, kwa hiyo ili kupata nyuzi zilezile geji lazima ifike 117, yaani paundi 17. Anayesimamisha mshale kwenye 15 kama alivyofundishwa anapata nyuzi 119 tu. Nyuzi mbili zinaonekana ndogo, lakini kasi ya kufa kwa spora hupungua mara 10 kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Dakika 15 za nyuzi 119 zinafanya kazi ya dakika 9 na kidogo za nyuzi 121.

Mitambo ya kisasa yenye kihisi joto hujirekebisha yenyewe, kwa kuwa huanza kuhesabu dakika pale joto linapofika, geji isome inachosoma. Shida iko kwenye zile otoklevu za mezani na za juu ya jiko zilizojaa katika zahanati na maabara ndogo, zenye geji na vali ya uzito peke yake. Vali iliyopimwa kwa paundi 15 hufoka kabla ya kufika 17, na hakuna mbinu ya kuilazimisha isiyo ya hatari. Dawa yake ni kuagiza uzito unaofaa mwinuko huu kutoka kwa mtengenezaji, au kuongeza muda na kuthibitisha kwa kipimo cha spora kwamba muda huo unatosha. Mambo haya huandikwa kwenye maelezo ya zabuni. Kuyagundua mtambo ukiwa umeshafungwa ni gharama mara mbili.

Geji ni mfano mmoja wa tabia pana zaidi. Taasisi zetu nyingi zinapopata fedha za otoklevu huanza na katalogi: lita ngapi, bei gani, mzabuni nani. Maswali ya maji, umeme, sakafu, bomba la maji machafu na fundi huulizwa kreti ikiwa imeshashushwa getini. Ninavyoona mimi, mpangilio huo ugeuzwe kabisa. Mtambo uwe kitu cha mwisho kuchaguliwa, baada ya kujua kazi, chumba na watu.

Kanda ya Ziwa ina kila sababu ya kulitilia maanani jambo hili. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, ilifunguliwa mwaka 1971, na kilimani hapohapo kuna chuo kikuu cha afya cha CUHAS. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake Mwanza, na mwaka 2006 ilianzisha kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU kwa kushirikiana na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Nyegezi kuna taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, pamoja na maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Ongeza maabara za mifugo, za dawa, za Mkemia Mkuu, za hospitali za wilaya, mpaka zahanati za visiwa vya Ukerewe. Kote huko kuna chombo kinachotumia mvuke kuua kisichoonekana, na kote huko jibu la maabara linategemea chombo hicho.

Tuanze na kazi, kwa kuwa ndiyo inayoamua ukubwa. Otoklevu ya maabara hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana: kutakasa vyombo na vifungashio, kupika midia ya kuoteshea bakteria, na kuua vimelea kwenye taka kabla hazijatoka mlangoni. Midia ikipikwa kupita kiasi inaharibika. Sukari yake inaungua na agari inalegea. Taka, kinyume chake, zinahitaji muda mrefu, nusu saa mpaka saa nzima, kwa sababu mfuko uliojaa sahani za plastiki hupitisha mvuke kwa shida. Vifaa vilivyofungwa kwa kitambaa vinataka hewa ivutwe kwanza kwa pampu ili mvuke uingie mpaka katikati ya mikunjo. Mtambo mmoja unaweza kufanya yote matatu ukiwa na programu tofauti, lakini hauwezi kuyafanya kwa wakati mmoja, na hapo ndipo hesabu za wengi huvunjika.

Chukua maabara inayopima samaki. Mwaka 1997 soko la Ulaya lilianza kumfungia mlango sangara wa Ziwa Victoria kwa sababu ya Salmonella. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo hadi 1998 likaja zuio la hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 likaja jingine kwa ajili ya sumu zilizotumika kuvulia. Viwanda vya minofu vilisimama na wavuvi wakakosa mnunuzi. Somo lililobaki ni kwamba samaki wa ziwa hili anauzwa pamoja na cheti cha maabara. Sasa tazama cheti hicho kinavyotengenezwa. Kwa kila kipande cha minofu, mteknolojia anapima gramu 25 na kuzitia kwenye mililita 225 za maji ya peptoni yaliyotakaswa, anaacha zikae kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hivi, kisha anahamishia tone kwenye midia nyingine inayochuja bakteria. Tuseme maabara inapokea shehena 6 kwa siku na kuchukua vipande 5 kwa kila shehena. Hizo ni chupa 30, karibu lita 7 za maji ya peptoni, kabla hujagusa sahani za agari wala vimiminika vya kuchanganyia. Kesho yake chupa 30 zilezile zinarudi zikiwa taka, nyingine zikiwa na mamilioni ya bakteria waliooteshwa kwa makusudi.

Kila mzunguko unaoitwa wa dakika 15 huchukua saa moja na nusu au mbili, kwa kuwa kuna kupasha, kushikilia joto na kupoza. Vimiminika havitaki haraka. Mvuke ukiachiwa ghafla, chupa zinachemka na kufoka, na kwa mwinuko wetu hufoka mapema zaidi. Ndiyo maana anayepakia hulegeza vifuniko vya chupa robo mzunguko na kuziacha na nafasi kati yake. Kwa zamu ya saa 8 unapata mizunguko 4, labda 5 ukibahatika. Ukitoa mmoja wa taka na mmoja wa vifaa, unabaki na miwili ya midia. Hapo ndipo unapojua unahitaji lita ngapi.

Hesabu hiyo inanipeleka kwenye msimamo ambao maafisa ununuzi wengi hawaupendi: otoklevu mbili za kati zinashinda moja kubwa. Moja ibaki upande msafi kwa midia na vifaa, nyingine upande wa taka. Ikiharibika moja, kazi inapungua lakini haisimami. Maabara yenye mtambo mmoja mkubwa, siku mpira wa mlango ukipasuka, hurundika taka zenye vimelea kwenye ndoo huku sampuli zikiendelea kuingia.

Na taka ndilo eneo lisilotaka mzaha. Mkoa wa Kagera umekumbwa na virusi vya Marburg mara mbili katika muda mfupi: Bukoba Vijijini mwaka 2023, ambako watu 6 walifariki, na Biharamulo mwaka 2025. Kila sampuli ya damu iliyopimwa wakati ule iliacha mrija, glovu na ncha ya pipeti vilivyopaswa kuuawa vimelea mahali hapohapo, bila kusafirishwa. Maabara zinazoshughulikia virusi vya aina hiyo hufunga otoklevu ya milango miwili ndani ya ukuta. Mlango mmoja unafunguka upande mchafu, wa pili upande msafi, na haifunguki yote miwili kwa pamoja. Ukuta huo huchorwa kabla ya jengo kuanza. Kuubomoa baadaye ili kupitisha mtambo ni kazi ya miezi.

Kwa magonjwa ya kila siku hali si tofauti sana. Kipindupindu hakijaondoka katika mwambao huu. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kumwaga uchafu wake ziwani, ziwa lilelile ambalo mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, inavuta maji yake Capri Point na Butimba. Maabara inayootesha kimelea cha kipindupindu halafu ikakimwaga sinki bila kukiua inamrudishia jirani alichokuja kutibiwa. Wapo wanaodhani klorini ya dukani, JIK, inatosha. Kwenye meza na sakafu inafaa, lakini ndani ya damu, kinyesi na mabaki ya midia nguvu yake inakwisha haraka. Kuna wanaofanya vyote viwili, wakamwagia taka JIK kisha wakaziingiza kwenye otoklevu. Hilo ni hatari mara mbili: gesi ya klorini inamvamia aliye karibu, na chuma cha chemba kinaliwa.

Maji ni sura ndefu kuliko watu wanavyodhani. Ya ziwa letu si magumu. Hayaachi chokaa kama ya visima vingi. Wengi hukomea hapo na kuunganisha bomba la mtaani moja kwa moja. Lakini maji ya Ziwa Victoria yana chumvichumvi za kutosha kupitisha umeme kwa kiasi cha maikrosimensi 100 hivi kwa sentimita, wakati kiwango cha Ulaya cha EN 285, kinachotumika kwa otoklevu kubwa, kinataka maji ya boila yasizidi 5. Kwa mitambo midogo, EN 13060 inaruhusu 15. Kwa hiyo kinahitajika kichujio cha kuondoa madini, na kabla yake kichujio cha mkaa wa kuondoa klorini, kwa sababu klorini inaharibu utando wa kichujio. Kichujio chenyewe hutupa sehemu kubwa ya maji kinayopokea, mara nyingi nusu au zaidi. Mpangaji asipoyahesabu maji hayo ya kutupwa, tanki litakauka kabla ya saa sita mchana.

Halafu kuna joto la maji. Otoklevu kubwa zinazovuta hewa hutumia pampu ya duara la maji, na pampu hiyo hufanya kazi vizuri maji yakiwa baridi. Mtengenezaji wa Ulaya huifanyia majaribio kwa maji ya bomba la kwao, ambayo ni ya baridi kweli. Kwetu maji yanatoka ziwani yakiwa na nyuzi 25 hivi, kisha yanapandishwa kwenye tanki jeusi la plastiki juu ya paa, na kufikia saa nane mchana yameshapita 30. Pampu inahangaika, hewa haitoki yote, na vifurushi vinatoka vimelowa. Fundi anaweza kuutuhumu mtambo mwezi mzima kumbe tatizo liko juu ya paa. Tiba ni nyepesi ikifikiriwa mapema: tanki la chini lenye kivuli, au mtambo wenye pampu kavu. Pampu kavu ni ghali kidogo lakini inaokoa mamia ya lita za maji, na katika mji ambao mgao wa maji haujasahaulika, mimi ningeilipia.

Maji machafu nayo yana njia yake. Yanayotoka kwenye otoklevu yanakaribia kuchemka. Bomba la PVC la kawaida, lile la kijivu la vyooni, hulainika kabla ya nyuzi 100, hujipinda, na baada ya muda linaanza kuvujia ndani ya ukuta. Panahitajika bomba la chuma au la plastiki inayostahimili joto, pamoja na tanki dogo la kupozea. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mradi, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Umeme wetu ni wa volti 230, au 400 kwa fezi tatu, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Otoklevu ya mezani hula kilowati 3 hadi 6 na inatosheka na fezi moja yenye waya wake peke yake. Yenye boila yake ya ndani hupita kilowati 20, na hiyo inataka mazungumzo na TANESCO kabla ya zabuni. Umeme ukikatika mzunguko ukiwa katikati, kazi yote inaanza upya na midia iliyopikwa nusu hutupwa. Kwa hiyo jenereta ihesabiwe pamoja na mtambo, na kompyuta yake iwe na betri ya kuishikilia mpaka jenereta iwake. Kwa zahanati za visiwani, zenye umeme wa kubahatisha, otoklevu ya gesi ya kupikia yenye geji sahihi ni uamuzi wa busara, wala si wa kimaskini.

Misaada nayo ina mtihani wake. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutegemea mizunguko 60, na mota yake ikiletwa hapa huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na kupata joto. Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walikusanya takwimu za vifaa tiba katika nchi zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu 40 kati ya kila 100 havifanyi kazi. Kukataa msaada usiolingana na jengo lako si utovu wa shukrani. Mtoaji makini atauliza mwenyewe volti, maji na mwinuko, na asipouliza, mpelekee majibu kwa maandishi kabla hajapakia kontena.

Mzigo ukifika bado una safari. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Unaokwenda Geita na Kagera umepata nafuu tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 lilipofunguliwa na foleni ya kivuko kuisha. Mita 20 za mwisho ndizo ngumu. Mwanza ni mji wa miamba, majengo yake mengi yamepanda vilima kwa ngazi, na otoklevu yenye uzito wa mamia ya kilo, au tani kwa zile kubwa, haipandi ngazi. Pima milango, kona za korido na uwezo wa sakafu, na acha nafasi ya fundi kupita nyuma ya mtambo. Wanaoubana ukutani huishia kuuvuta wote nje kila inapobidi kubadilisha vali.

Kisheria, otoklevu ni chombo cha mgandamizo. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, OSHA inapaswa kukikagua kabla hakijatumika na kwa vipindi baada ya hapo. Wapo wanaoona ukaguzi huo kuwa usumbufu wa makaratasi. Mlango wa otoklevu ukifyatuka ukiwa na mvuke nyuma yake, unaua.

Kisha inakuja hatua ninayoiona kuwa moyo wa mradi wote: kuthibitisha. Cheti cha kiwandani kinasema mtambo ulifanya kazi kiwandani. Mwanza inabidi ujaribiwe upya, kwa mzigo halisi wa maabara hiyo. Vihisi joto vinatumbukizwa kwenye chupa ya katikati kabisa, siyo kwenye nafasi tupu ya chemba, na joto linaandikwa dakika kwa dakika. Pamoja navyo huwekwa kichupa kidogo chenye spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria mgumu kuliko karibu wote tunaoogopa. Baada ya mzunguko kichupa kinatiwa kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60 kwa siku moja au mbili, sambamba na kingine ambacho hakikupitishwa kwenye mvuke. Kimiminika cha zambarau kikigeuka njano, kuna spora zilizopona. Kile ambacho hakikupikwa lazima kigeuke njano, kile kilichopikwa lazima kibaki zambarau, na hapo tu ndipo unapoweza kuamini. Tepu yenye mistari inayogeuka nyeusi, ambayo wengi huiona kuwa ushahidi, inasema tu kwamba kifurushi kimeonja joto. Haisemi kimekaa humo kiasi gani.

Kipimo hicho kirudiwe kila wiki kwa otoklevu ya taka, na vihisi na geji vipelekwe kwenye ugezi kila mwaka. Yote yaandikwe kwenye daftari moja linalokaa kando ya mtambo: tarehe, mzigo, joto lililofikiwa, jina la aliyeendesha. Wakaguzi wa ithibati wataliomba, lakini hata kama wasingeliomba, ndilo linalomwezesha mkuu wa maabara kujua tatizo lilianza lini na majibu yapi ya wagonjwa au ya shehena yapitiwe upya.

Mafundi tunao. Vyuo kama DIT na Chuo cha Ufundi Arusha vinafundisha uhandisi wa vifaa tiba. Kinachokosekana ni fundi huyo kuitwa mezani wakati zabuni inaandikwa, badala ya siku mashine inapozima. Aitwe mapema, aorodheshe vipuri vya miaka miwili (mpira wa mlango, vali, kipasha joto, kihisi), vinunuliwe pamoja na mtambo, na apewe mafunzo na mtengenezaji mtambo ukiwa unafungwa, siyo baada ya waranti kuisha.

Wanaotia saini wana silaha moja ambayo hawaitumii ipasavyo, nayo ni malipo. Mkataba useme wazi kwamba sehemu ya mwisho ya fedha haitolewi mpaka vipimo vya joto na spora vilivyofanyika hapahapa viwe vimefaulu. Na kwa wakurugenzi wa halmashauri na waganga wakuu wanaopitisha bajeti: wahandisi wa vifaa tiba hukadiria matengenezo kuwa asilimia 5 hadi 6 ya bei ya mtambo kila mwaka. Kwa otoklevu ya shilingi milioni 60, hiyo ni shilingi milioni 3 hadi milioni 3 na laki 6. Fedha hizo ziwekwe kwenye fungu lake, lenye jina lake, mwaka uleule wa kununua. Kama hazipo, msinunue bado.